Fimbo Hufuata Chambo: Ushauri kwa Wanaoanza Kuvua kwa Fimbo Mtwara na Lindi

Swali la kwanza analouliza karibu kila kijana anayetaka kuanza kuvua kwa fimbo, awe wa Shangani, Mikindani au Kilwa Masoko, ni hili: fimbo gani inafaa kwa samaki mkubwa? Swali hilo linasikika kuwa la maana, lakini halijibiki, kwa sababu kupambana na samaki ndiyo kazi ya mwisho ya fimbo. Kabla ya hapo fimbo imekwisha kukirusha chambo, hasa kile cha bandia, hadi mahali palipokusudiwa, imekichezesha majini kwa namna ya kumshawishi samaki, na imeisukuma ndoana ikapenya mdomoni. Fimbo iliyoshindwa katika kazi hizo tatu haipati nafasi ya kupambana na samaki yeyote, mkubwa wala mdogo. Kwa hiyo ushauri wote utakaousoma hapa umejengwa juu ya jambo moja: amua kwanza utatumia chambo gani, cha uzito gani, chenye ndoana ya aina gani na mahali pa namna gani, halafu ndipo utafute fimbo.

Nalisisitiza hili kwa sababu fimbo nyingi zinazofika mikononi mwa vijana wa huku kwetu hazikutengenezwa kwa ajili ya Bahari ya Hindi. Nyingine huachwa na wageni waliokuja kutembea, nyingine hutumwa na ndugu walioko ng'ambo, nyingine hupanda basi kutoka Dar es Salaam zikiwa zimefungwa pamoja na mizigo ya watu. Ukizichunguza utakuta nyingi zilibuniwa kwa ajili ya samaki mmoja wa maji baridi wa Amerika ya Kaskazini aitwaye besi, ambaye wanasayansi wamemwita kwa muda mrefu Micropterus salmoides. Ni samaki mwenye mdomo mpana, anayejificha kwenye magugu, chini ya magogo na pembeni ya nguzo, akivizia kitu chochote kinachopita karibu. Katika Afrika Mashariki anajulikana zaidi kwa Ziwa Naivasha la Kenya, alikopandikizwa wakati wa ukoloni.

Besi si samaki mkubwa. Rekodi ya dunia iliwekwa na George Perry katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1932, kwa samaki wa ratili 22 na wakia 4, yaani kama kilo 10 tu, na ilichukua hadi mwaka 2009 ndipo Manabu Kurita akamfikia katika Ziwa Biwa huko Japani. Kolekole aliyekomaa wa bahari yetu anaweza kumzidi besi huyo wa rekodi mara kadhaa kwa uzito. Hata hivyo mvuvi wa besi aliyezoea mashindano huingia ziwani na fimbo nyingi katika boti moja, tena zote kwa samaki huyohuyo wa kilo moja au mbili. Tafakari jambo hilo kabla hujatoa fedha yako. Kama ukubwa wa samaki ndio ungekuwa kipimo, fimbo moja ingemtosha. Zinahitajika nyingi kwa sababu vyambo ni vingi, na kila chambo kina namna yake ya kurushwa, ya kuvutwa na ya kumnasa samaki.

Kusoma maandishi yaliyo juu ya mpini

Juu kidogo ya mpini, mbele ya mahali inapofungwa rili, yaani kifaa cha kuzungushia mshipi, kila fimbo ya maana ina mstari wa maandishi madogo. Wengi huupita bila kuusoma, nao ndio wenye habari yote. Tuchukue mfano wa fimbo ambayo utakutana nayo mara nyingi: imeandikwa futi 7, kisha herufi MH, kisha herufi F, kisha wakia robo hadi robo tatu, na mwisho ratili 10 hadi 20.

Futi 7 ni urefu, yaani mita 2.13. Herufi zinazofuata hueleza nguvu ya fimbo, maana yake ni mzigo kiasi gani unahitajika ili ikubali kupinda. Ngazi za kawaida huanzia L kwa nyepesi, ML, M kwa ya kati, MH, H kwa nzito, na XH kwa iliyo nzito kupita zote. Herufi F inahusu mpindo, yaani sehemu gani ya fimbo inayopinda kwanza, na nitalirudia jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalowachanganya watu kuliko yote. Wakia ni uzito wa chambo: robo wakia ni kama gramu 7 na robo tatu ni kama gramu 21. Ratili za mwisho ni nguvu ya mshipi unaopendekezwa, hapa kati ya kilo 4.5 na 9.

Katika maandishi hayo yote, nakushauri uanze kusoma kwenye wakia. Chambo kikiwa chepesi kuliko kiwango cha chini, fimbo haipindi unapoirudisha nyuma ili kurusha, kwa hiyo chambo kinadondoka karibu na miguu yako hata ukitumia nguvu zote za mabega. Kikizidi kiwango cha juu, fimbo inapinda kupita uwezo wake wakati wa kurusha, na huo ndio wakati ambao fimbo nyingi hukatika, samaki akiwa bado hajaonekana. Uone pia kwamba herufi hazina kipimo kimoja duniani; MH ya kiwanda kimoja inaweza kulingana na M ya kingine, lakini gramu ni gramu popote. Herufi nazichukulia kama kauli ya muuzaji, gramu nazichukulia kama ahadi.

Kuhusu nguvu ya mshipi, kumbuka kwamba viwango vingi vya aina hii vinafikiria mshipi wa kawaida wa nailoni. Mshipi wa kusuka ni mwembamba zaidi kwa nguvu ileile, hivyo unaweza kuweka mshipi wa kusuka wa ratili 30 kwenye fimbo iliyoandikwa 20 bila madhara, mradi breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo, ubaki umeilegeza kulingana na fimbo. Anayekaza breki hadi mwisho kwa sababu mshipi hautakatika asisahau kwamba kitakachokatika sasa ni fimbo.

Mpindo na ndoana

Fimbo yenye mpindo wa haraka, ile iliyoandikwa F au XF, hupinda kwenye theluthi ya juu au pungufu, na sehemu iliyobaki hukaa imara. Fimbo yenye mpindo wa wastani hupinda hadi karibu nusu. Ile ya taratibu hupinda hadi kukaribia mpini. Watu husema fimbo ya haraka ni ngumu na ya taratibu ni laini, na hapo ndipo wanapochanganya nguvu na mpindo, kwa sababu ipo fimbo nzito sana yenye mpindo wa taratibu na ipo nyepesi sana yenye mpindo wa haraka.

Kuna njia rahisi ya kuuona mpindo kwa macho yako, na unaweza kuifanya uani kwako. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze, ifunge kwenye mshipi uliopita katika pete zote, kisha iinue polepole huku fimbo ikiwa imeinama kiasi mbele yako, si kusimama wima. Mwenzako asimame ubavuni aangalie mahali ambapo fimbo inaanza kuacha mstari ulionyooka. Kama ni pete tatu au nne za juu tu zilizoshuka, hiyo ni ya haraka. Kama mpindo umeshuka hadi katikati, ni ya wastani. Ukiwa na fimbo mbili zenye herufi zinazofanana, fanya hivyo kwa zote mbili na utashangaa tofauti iliyopo.

Sasa, mpindo huamuliwa na ndoana. Chambo chenye ndoana moja nene, hasa ile iliyofichwa ndani ya mwili wa mpira laini, huhitaji mshtuko mkali ili ndoana itoboe mpira na kisha kupenya mdomo wa samaki. Hapo fimbo ya haraka ndiyo yenyewe, kwa sababu mkono ukiinuka tu nguvu inafika kwenye ndoana bila kupotelea kwenye mpindo. Lakini chambo cha mti au plastiki ngumu chenye ndoana za makucha matatu ni jambo jingine kabisa. Ndoana hizo ni nyembamba, huingia zenyewe kwa kuvutwa tu, na hushika kidogo kwenye ngozi ya mdomo. Ukizishtua kwa fimbo ngumu ya haraka, unazinyofoa kabla hazijakaa, au zinapasua tundu ambalo baadaye samaki akitikisa kichwa huponyokea hapohapo. Wavuvi wa besi walilitambua hili zamani, ndiyo maana kwa vyambo vya kuzama na kutikisika hutumia fimbo ya wastani, mara nyingi ya faiba, yaani nyuzi za kioo, au ya mchanganyiko wa faiba na kaboni, ambayo huchelewa kidogo kujibu na kumpa samaki nafasi ya kukimeza chambo. Mtu wa huku anayelalamika kwamba mzia wanashika na kuachia, wanashika na kuachia, kwa kawaida tatizo lake ndilo hili, na kununua ndoana kali zaidi hakutamsaidia sana.

Mbinu za besi katika maji yetu

Mbinu inayohamishika kwa urahisi kuliko zote ni ile ya kuvua kwenye vizuizi. Mvuvi wa besi hutupa chambo cha ndoana moja katikati ya magugu mazito, na samaki akishika hana muda wa kumchezesha. Anamtoa mara moja kabla hajajizungusha kwenye mashina. Fimbo yake ni ya futi 7 na inchi 3 au zaidi, nzito, yenye mpindo wa haraka, na mshipi wake ni wa kusuka wa ratili 50 hadi 65. Ukienda kwenye vijito vya mikoko, iwe ni kuelekea mdomo wa Ruvuma au kwenye mikoko iliyo karibu na mdomo wa Lukuledi huko Lindi, utakuta hali ni ileile, isipokuwa badala ya magugu pana mizizi, na mizizi hiyo imeota chaza wenye makali ya kukata mshipi mara moja. Chewa na kungu wanaokaa humo hukimbilia mzizini mara tu wanaposhika. Fimbo ya besi iliyoandikwa H, inayobeba chambo hadi wakia moja na nusu, ambayo ni kama gramu 42, inafanya kazi nzuri sana hapo, ila mbele ya mshipi wa kusuka funga kipande cha nailoni nene cha urefu wa mita moja hivi, kwa sababu mshipi wa kusuka ukiguswa na chaza ukiwa umekazwa hauna subira hata kidogo.

Katika vijito hivyo nafasi ya kurusha ni finyu na matawi yako juu ya kichwa. Hapo mtu aliye kwenye mtumbwi atapendelea fimbo fupi kidogo kuliko anayoitumia mvuvi wa besi aliyesimama kwenye boti yake pana yenye sakafu. Kwa mtumbwi mimi huona futi 6 na inchi 6, yaani mita 1.98, inatosha, na chini ya hapo nguvu ya kumgeuza samaki hupungua.

Mbinu ya pili ni ya vyambo vya juu ya maji, vile vinavyoyumba kushoto na kulia au kurusha povu kwa mdomo wao. Ukisimama kwenye miamba ya Msangamkuu au ufukoni Msimbati wakati wa mapambazuko, dagaa wakiruka, kolekole wadogo wa kilo mbili tatu watavishambulia vyambo hivi kwa hasira. Fimbo ya besi ya MH yenye mpindo wa haraka kiasi inakitosha chambo cha gramu 15 hadi 25. Jambo la kuangalia ni urefu. Kukiyumbisha chambo cha aina hii kunataka ncha ya fimbo ielekee chini na kugonga maji kwa mikato mifupi, kwa hiyo anayevua akiwa chini karibu na maji, kwa mfano kwenye ngalawa, fimbo ndefu itamchosha na ncha itakuwa inapiga maji. Anayesimama juu ya mwamba hana tatizo hilo, na kwake urefu wa futi 7 na nusu hadi 8 unaongeza umbali wa kurusha na kuuinua mshipi juu ya makali ya mwamba mawimbi yanaporudi.

Upepo nao una neno lake. Wakati wa kusi, chambo chepesi kinachorushwa kuelekea baharini hurudi usoni, na mtu hulazimika kuongeza uzito ili apenye upepo. Uzito ukiongezeka, fimbo ile ya robo hadi robo tatu wakia imekwisha kutoka kwenye kiwango chake. Ndiyo maana mtu anayevua kutoka ufukoni mwaka mzima namshauri achague fimbo kwa uzito anaouhitaji wakati wa kusi, akijua kwamba kaskazi na matlai zitamruhusu kupunguza uzito kidogo bila fimbo kulalamika.

Hali hiyohiyo iko kwenye maji. Mbinu ya tatu ya besi ninayotaka kuieleza ni ile ya kufunga risasi mwisho kabisa wa mshipi na ndoana juu yake, ili chambo kielee kidogo kutoka chini kikitikiswa pale pale. Wamarekani waliiona kuwa jambo jipya ilipowafikia kutoka Japani, lakini mzee yeyote wa Mikindani mwenye mshipi wa mkono anafunga risasi chini na ndoana pembeni juu yake, na hakuisoma popote. Fimbo ya mbinu hii kwa besi ni nyepesi, ML, yenye ncha laini ya haraka sana, na risasi yake ni ya gramu 5 hadi 15. Kwa changu wadogo pembezoni mwa gati na kwenye maji yaliyotulia ndani ya ghuba, ncha hiyo ni starehe, kwani hata samaki akionja tu unamwona. Lakini hiyo ni wakati wa maji mafu. Bamvua likifika, na mwambao wetu huona maji yakipanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, mkondo kwenye mlango wa ghuba huisomba risasi ya gramu 15 kabla haijagusa chini. Utahitaji gramu 40, pengine 60, na fimbo yako ya ML inakuwa imepinda kwa uzito wa risasi peke yake, hivyo haina tena kitu cha kukuambia samaki akionja. Kwa hiyo usiulize fimbo inabeba gramu ngapi siku nzuri. Uliza utafunga risasi gani siku ya mkondo mkali kuliko zote utakazoingia baharini.

Mbinu nyinginezo za besi, kama ile ya vibati vinavyozunguka na kumetameta, zinafanya kazi kwa vibua na kolekole wadogo kwa fimbo ileile ya M au MH, na sina la ziada la kusema juu yake.

Mahali ambapo fimbo ya besi haina kazi

Nje ya miamba, ambako sakafu ya bahari yetu huporomoka haraka kwenda kwenye kina kirefu, fimbo za besi ziachwe nyumbani. Kwa jigi, yaani vyambo vizito vya chuma, za gramu 100 hadi 200 zinazoshushwa wima na kupandishwa kwa mikato, inatakiwa fimbo fupi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ya mita 1.6 hadi 1.9, inayopinda yote hadi mpini na kuupumzisha mgongo wa mvuvi. Kwa kolekole wakubwa wanaorushiwa chambo cha gramu 80 hadi 150, inatakiwa fimbo ya mita 2.3 hadi 2.6 yenye shina nene, na rili inayolingana nayo. Hakuna herufi H ya ziwani inayofikia kazi hizo.

Kurambaza kwa nguru ni shughuli nyingine tena. Boti ndiyo inayofanya kazi ya kuvuta, kwa hiyo fimbo inatakiwa tu kuwa fupi, nene na yenye subira, na waya mfupi mbele ya ndoana kwa sababu ya meno. Watu wengi wa Kilwa hurambaza kwa mshipi wa mkono uliofungwa kwenye boti na hawajapungukiwa na kitu. Vivyo hivyo kwa chewa wakubwa wa chini kabisa, na kwa changu wa maji marefu: mshipi wa mkono wa nailoni nene, uliozungushwa kwenye kibao, humtoa samaki huyo upesi zaidi kuliko fimbo yoyote ambayo mtu anayeanza anaweza kuimudu. Ukiwa unavua kwa ajili ya kitoweo na mauzo katika maji marefu, fedha ya fimbo inunulie ndoana, nailoni na barafu.

Kukagua kabla ya kulipa

Fimbo iliyotumika si mbaya, mradi umeikagua. Anza na pete. Chukua pamba kidogo, ile ya dukani ya kusafishia vidonda, izungushe taratibu ndani ya kila pete kwa ncha ya kijiti, hasa pete ya mwisho iliyo nchani. Pete nzima hupitisha pamba bila kubakiza kitu. Pete yenye ufa, hata ufa usioonekana kwa macho, hunasa nyuzi nyeupe. Nyuzi hizo ndizo zinazokuonyesha mahali ambapo mshipi wa kusuka utakuwa unalika kidogo kidogo kila unaporusha, mpaka siku samaki mzuri aondoke na chambo chako. Muuzaji atakuambia pete inabadilishwa kwa urahisi, na ni kweli, lakini basi bei ipungue.

Kisha angalia fremu za pete. Fimbo za ziwani wakati mwingine huwekewa fremu za chuma kisichopenda chumvi, na ukiona kutu ya kahawia imeanza kutoka chini ya gundi kwenye miguu ya pete, jua kwamba kutu iliyofichika ni kubwa kuliko hiyo. Pitisha vidole kwenye mwili wote wa fimbo ukitafuta mahali palipochubuka. Fimbo ya kaboni iliyogongwa ukingoni mwa boti inaweza kuonekana nzima kwa miezi mingi, halafu ikakatika papo hapo, na hii ndiyo sababu kijana anayevua kwenye mtumbwi wenye makasia, upondo na miguu ya watu wanne namshauri achukue ya faiba au ya mchanganyiko. Itakuwa nzito mkononi na haitasikia mguso mdogo wa samaki vizuri kama kaboni, lakini itavumilia maisha ya mtumbwini. Kaboni pia hupitisha umeme: usirushe chambo karibu na nyaya, na radi za masika zikianza kusikika, ilaze fimbo na urudi pwani.

Kama fimbo ni ya vipande viwili, unganisha na uzungushe kidogo. Isiyumbe wala isilie. Kiungo kilicholegea kidogo hutibiwa kwa kusugua mshumaa kwenye sehemu ya kuingizwa, na dawa hiyohiyo huzuia vipande kugandana.

Kuhusu rili, anayeanza achukue ile inayoning'inia chini ya fimbo, yenye waya unaofunguka na kufunga. Rili za kukaa juu, ambazo wavuvi wa besi huzipenda kwa usahihi wake, zinataka kidole gumba kilichofundishwa, na katika upepo wa kusi zitakupa vifundo vingi vya kufumua kuliko samaki. Hakikisha fimbo ni ya aina hiyo pia, yenye pete ya kwanza kubwa. Breki ipime kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wachuuzi wa samaki: muombe shemeji au mama ntilie anayekufahamu akuazime kwa dakika chache, funga mshipi kwenye ndoana ya mizani, fimbo ielekee moja kwa moja kwenye mizani, na vuta hadi mshipi uanze kutoka. Usomaji uwe robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi iliyoandikwa kwenye fimbo, na usizidi hapo kwa fimbo za besi. Samaki akifika karibu, usiinue fimbo kupita wima ili kumsogeza. Ncha hubaki imebeba uzito wote peke yake, na fimbo nyingi nzuri hukatikia hapo, samaki akiwa tayari anaonekana chini ya mtumbwi.

Baada ya kila safari, oshea maji baridi yasiyo na chumvi, fimbo na rili, kwa kumwagia taratibu na si kwa kulowesha kwenye ndoo, kisha anika kivulini.

Ya kwanza iwe ipi

Msimu wa malipo ya korosho unapofika, simu za kuniomba ushauri huwa nyingi, na wenye haraka hununua fimbo mbili kwa mkupuo, moja nyepesi kupita kiasi na nyingine nzito kupita kiasi. Kama mfuko wako unaruhusu moja tu, na makazi yako ni mjini Mtwara, Mikindani au Lindi mjini, tafuta ya futi 7, MH, yenye mpindo wa haraka kiasi, inayobeba gramu 10 hadi 28, ya mchanganyiko wa faiba na kaboni. Itarusha vyambo vya juu ya maji kwenye miamba, itashusha risasi ndogo gatini wakati wa maji mafu, na ukiwa mwangalifu itakuwezesha kuingia kwenye vijito vya mikoko, ingawa huko utapoteza baadhi ya chewa ambao fimbo nzito ingewatoa. Usichukue ya M eti kwa sababu inapendeza kuishika dukani.

Ya pili itategemea samaki uliowakosa kwa ile ya kwanza. Kama walikukimbilia mizizini, nunua H ya haraka. Kama walishika vyambo vya makucha matatu wakaachia, nunua M ya wastani. Kama chambo hakikuwafikia kabisa, nunua ndefu.

Unapokusudia kuvua kusini, kuelekea Msimbati na mdomo wa Ruvuma, fahamu kwamba unaingia katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye maeneo yanayotofautiana kwa ruhusa. Pita ofisini kwao au kwa viongozi wa uvuvi wa kijiji uulize kabla hujafungua fimbo yako, na uwaeleze pia mbinu unayoitumia, kwa sababu jibu la mshipi wa mkono na jibu la kurambaza huenda lisiwe moja. Fimbo yenyewe iweke ndani ya bomba la maji la plastiki lenye vifuniko, kwani barabara ya huko, juu ya bodaboda, imevunja ncha nyingi kuliko kolekole.